Mbega wa Soksi

Moshi, 9 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, isipokuwa baridi ya msimu huu inatukalisha jikoni muda mrefu kuliko kawaida. Barua hii utaikuta kwenye kifurushi nilichompa kondakta wa basi, pamoja na jozi mbili za soksi, moja nyeusi na moja nyeupe, sindano na uzi imara wa rangi hizo hizo. Uliponiuliza kwenye simu namna ya kumshonea mtoto mdoli wa soksi, nilikwambia nitakuandikia. Kazi ya sindano haielezeki simu ikiwa inakatikakatika.

Mimi sikufundishwa na mtu. Siku moja, wewe hujazaliwa bado, nilikuwa nachambua mitumba pale soko la Memorial. Ndani ya rundo la nguo za watoto nikakuta tumbili wa soksi, mwili wa rangi za kahawia na nyeupe zilizochanganyika, mdomo mwekundu, mkono mmoja umechanika begani. Muuzaji alinipa kama nyongeza. Nilipofika nyumbani sikuushona ule mkono. Nilichukua wembe nikamfumua, uzi baada ya uzi, nikatandaza vipande vyote mezani. Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Tumbili mzima, mikono, miguu, mkia na masikio, alikuwa ametoka kwenye jozi moja tu ya soksi. Na ule mdomo mwekundu ulikuwa kisigino.

Baadaye sana nikaja kujua asili yake. Katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, Marekani, palikuwa na kampuni ya Nelson Knitting, yenye jina la John Nelson, mhamiaji kutoka Uswidi. Mwaka 1932 walianza kufuma soksi za kazi zenye kisigino chekundu, ili mnunuzi azitofautishe na za kuiga. Ilikuwa miaka ya maisha magumu. Soksi za waume zikichakaa, akina mama waliwashonea watoto tumbili kwazo, na kile kisigino kikawa mdomo. Mwaka 1955 kampuni ikapata hataza ya mdoli huyo, ikaanza kutia maelezo ya kumshona ndani ya kila jozi. Nakueleza haya ujue kwamba wa kwanza kumshona walikuwa wanawake waliokaa nyumbani na soksi kuukuu mkononi. Kutokuwa na cherehani kusikurudishe nyuma.

Sasa kazi yenyewe. Nimechagua mbega, kwa sababu mjukuu wangu anakulia Dar es Salaam na mbega bado hajamwona. Wewe ulipokuwa mdogo nilikupeleka msitu wa Rau, ukasimama chini ya mti shingo imepinda, hutaki kuondoka. Mbega anaifaa soksi kuliko mnyama mwingine yeyote ninayemjua. Ni mweusi, uso umezungukwa na weupe, ana joho jeupe linaloshuka mabegani na mkia mweupe. Tena mkono wake una vidole vinne, dole gumba ni kinundu tu. Basi ule mkono wa soksi usio na dole gumba, kwake ni sawasawa.

Chukua soksi nyeusi ya kwanza, igeuze ndani nje, ilaze mezani kisigino kikiwa juu, katikati. Kisigino hiki ndicho makalio, ndicho kitakachomfanya mbega akae mwenyewe. Shona mistari miwili katikati ya soksi, iachane kwa upana wa kidole. Anza sentimita 7 kutoka kisigino, shuka mpaka kwenye mpira, na ukifika huko zungusha kila upande ili kufunga nyayo. Ukimaliza kushona ndipo ukate katikati ya mistari, mkasi upite mishono na ukome sentimita 4 kabla ya kisigino. Umepata miguu miwili, na lile tundu lililobaki panapoachana miguu ndipo utakapomgeuzia na kumjazia. Usikate kabla ya kushona. Soksi ikikatwa hufumuka, na ukingo ukishaanza kufumuka hutaushika tena.

Kila hatua rudisha sindano nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Bandi ya kawaida haitoshi hapa, maana soksi inavutika na uzi hauvutiki. Siku mtoto akimvuta mguu, mshono utaachia.

Soksi ya pili, kata kisigino chake kama bakuli, huo ni mdomo. Sehemu ya juu ipasue vipande viwili kwa urefu upate mikono, mabaki yawe masikio. Mkia utoe kwenye soksi nyeupe, na joho vilevile: ukanda uliopindwa kingo zote na kushonewa mgongoni mpaka ulale. Usimning'inizie nyuzi ndefu ili afanane zaidi na mbega wa msituni. Uzi mrefu hujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukakaza bila mtu kujua.

Mjaze kwa pamba ya mto, ile ya poliesta. Sufi ni laini na najua unaipenda, lakini ukiifua hujikusanya mabonge, na mdoli wa mtoto wa miezi saba atafuliwa kila wiki. Anza na ncha za miguu, finyango ndogondogo. Kufunga tundu, sindano iingie ndani ya mkunjo wa upande mmoja, ivuke iingie mkunjo wa pili, kisha vuta uzi taratibu. Mshono utazama usiuone.

Nimeacha macho mwisho kwa makusudi. Hutaona vifungo kwenye kifurushi, wala usivinunue. Zamani nilimshonea mtoto wa jirani sungura mwenye macho ya vifungo vyeusi, nilivikaza kwa uzi mara nne. Wiki ya tatu mama yake alikitoa kimoja kinywani mwa mtoto, kimeshafika nyuma ya ulimi. Mtoto alipona, lakini usiku ule sikulala, na tangu siku hiyo sijawahi kumtilia kifungo mdoli wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Macho yashonwe kwa uzi mweupe, duara lililojaa, ukipitisha sindano karibu karibu mpaka weusi wa soksi usionekane. Yatapendeza, utaona.

Fua soksi zote kabla ya kuanza. Ukimaliza, mvute mbega kwa nguvu mkono, mguu, mkia na sikio, na penye kulegea fumua ushone upya. Mtoto achezee mchana ukiwa naye. Usiku mbega alale juu ya kabati mpaka mtoto atimize mwaka mmoja.

Nisalimie baba yako, mwambie dawa za mguu nimezipata. Na ukimaliza kichwa cha mbega, kabla hujashona macho, nitumie picha.

Ni mimi shangazi yako.