Picha ya mnana iliyotufikisha kwa daktari wa macho

Kundi la WhatsApp la familia yetu lina sheria iliyotungwa na mtoto wa miaka tisa: ukituma picha ya mnyama, ndege au mlima, utuambie na jambo moja tusilolijua. Ukishindwa, futa picha yako. Mtunzi wa sheria ni mtoto wa dada yangu, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu, naye huniita mama mdogo. Tangu nimpe simu yangu ya zamani, isiyo na laini lakini yenye kamera nzuri, Jumamosi zangu nikiwa kwao Morogoro si zangu tena.

Bibi yake aligoma kabisa kuamini kwamba shingo ya twiga ina mifupa saba tu, sawa na ya kwake inayomsumbua kila asubuhi. Mimi nikaongezea la kiafya: presha ya twiga ni karibu mara mbili ya yetu, maana damu ina safari ndefu kufika kichwani, na ngozi ya miguu yake imebana kama zile soksi wanazovalishwa wagonjwa wanaovimba miguu. Tulipotuma mbuyu, tulieleza kwamba maua yake hufunguka jioni na popo ni miongoni mwa wanaoyachavusha. Kazini kwangu popo hutajwa kwenye habari za magonjwa tu, kwa hiyo hilo lilinifurahisha mimi kuliko mtoto.

Nyuma ya nyumba yao kuna mti uliojaa viota vya mnana. Dume ndiye anayesuka, jike huja kukagua, na kiota kikikosa jike dume hukibomoa na kusuka kingine. Mashangazi waliijadili picha hiyo siku nzima, mnaweza kukisia walivyosema.

Ni chini ya mti huo nilipoona kitu. Kila nikimwonyesha ndege, mtoto alikuwa anajibu, “Subiri nipige kwanza.” Anaelekeza simu kule sauti inakotoka, anapiga, anaikuza picha, anaisogeza karibu na pua, ndipo anasema, “Ahaa, ana kichwa cheusi!” Ndege mwenyewe alikuwa mita chache tu juu yetu. Nikamwambia aweke simu chini anihesabie viota. Akatazama juu, akakunja macho, akasema, “Vingi.”

Shuleni alishaitwa mzembe. Ni mrefu, anakaa nyuma, ananakili kwenye daftari la jirani yake.

Mpima macho alimaliza kazi kwa dakika chache: haoni mbali, anahitaji miwani. Ugomvi ulikuja nyumbani. Shemeji alisema mtoto akizoeshwa miwani macho yatazidi kulegea, bora ale karoti. Miwani hailegezi macho. Karoti ina faida kwa mtoto aliyepungukiwa vitamini A, ila hairudishi jicho lililorefuka kuliko kawaida, na hicho ndicho chanzo cha kutoona mbali kwa watoto wengi. Wiki mbili zikapita kwa mabishano. Naamini kilichomsumbua zaidi shemeji ni bei ya fremu, na simlaumu. Tulichanga.

Mzazi, hapa kuna habari unayoweza kuifanyia kazi bila hela. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka Guangzhou, China, ambako watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo hili walikuwa takribani asilimia 30, huku kwa wasioongezewa wakiwa takribani 40. Wataalamu wanaamini mwanga wa nje husaidia kulizuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Hata kivulini chini ya mwembe kuna mwanga mwingi kuliko sebuleni taa ikiwaka. Asikodolee jua tu. Ila aliyekwishapata tatizo hatapona kwa kucheza nje. Huyo apewe miwani yake na avae.

Mwezi uliofuata tulipanda basi kwenda Iringa. Barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, hivyo abiria huona pundamilia, na akiwa na bahati tembo, kwa nauli ile ile. Mtoto alikaa dirishani na miwani yake, simu ikiwa mfukoni. Nikamuuliza kwa nini hapigi picha.

“Mama mdogo,” akasema, “kumbe majani ya mti ukiwa mbali yanaonekana moja moja?”

Dada yangu aligeukia upande wa pili, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mdogo wake ana miaka mitano na anasema anaona kila kitu. Dada ameshachukua ruhusa kazini. Wanaenda kupima Jumanne.