Supu ya Mayai kwa Mtoto Aliyeugua
Katika nyumba nyingi za wakulima, mayai huwekwa kwa ajili ya soko au mgeni, na mtoto aliyeinuka kitandani baada ya homa hupewa uji mtupu. Hiyo si busara. Yai moja la kuku lina kama gramu 6 za protini, chakula kijengacho mwili. Mama na akaange kitunguu na nyanya, atie maji vikombe vitatu na chumvi, yachemke sana. Ndipo amimine mayai mawili yaliyopigwa vizuri, polepole kama uzi, huku akikoroga. Yakimwagwa kwa pupa hugeuka madonge. Huganda mara moja, lakini yaachwe yachemke dakika mbili zaidi. Baba anung'unikaye kwa ajili ya fedha za mayai hunyamaza apewapo bakuli lake.