Fundi wa Nyanchwa na Mkono wa Gia

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii hupita Ahero, Sondu na Oyugis. Kadiri aendavyo ndivyo barabara ipandavyo, joto la ziwani likabaki nyuma, na migomba ikamlaki pande zote mbili. Akifika mjini Kisii na kuinua macho, ataiona Nyanchwa mlimani, mahali penye shule na kanisa la Waadventista Wasabato. Huko ndiko nilikofunzwa jambo linalompasa kila mwenye gari kuukuu.

Gari langu ni Peugeot 404 ya kubebea mizigo, niliyorithi kwa marehemu baba. Magari ya jina hilo yalishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na hapa Kenya yaliendelea kuundwa hata mwaka 1991. Mkono wake wa gia hautokei sakafuni, bali kando ya usukani.

Ijumaa moja ya Januari nilikuwa nikimpeleka mama nyumbani, na mfukoni nina karo ya mwanangu wa kwanza. Njiani mkono wa gia ukalegea kama jino la mtoto, na gia ya kwanza ikakataa kuingia. Kila mlima nikauanza kwa gia ya pili, klachi ikanuka. Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza kidogo, akasema giaboksi imekufa. Fedha alizotaka zilikuwa ile karo yote.

Mama akasema, "Mwanangu, tusonge polepole hadi Nyanchwa." Tulifika saa kumi. Fundi wa huko, mzee wa makamo, alitazama jua kwanza. "Bwana karani," akasema, "jua likizama Sabato imeingia, nami sishiki spana. Tufanye haraka, lakini tusifanye pupa."

Akazima injini, akaweka mawe kwenye magurudumu, kwa maana Nyanchwa ni mteremko. Akaingia chini ya gari, akaniamuru niusogeze mkono wa gia taratibu. "Zitazame fito hizi," akanieleza baadaye. "Mkono ukienda, nao ufito ulio kwenye giaboksi usitimize mwendo wake, ubovu uko kwenye viungo. Fito zikitimiza mwendo na gia isiingie, hapo ndipo tuishuku klachi au giaboksi yenyewe."

Ufito ulikuwa haufiki. Akafungua kiungo, akanionyesha bushi iliyolika hata ikawa nyembamba kama ganda la ndizi. Dukani haikupatikana; basi akachonga nyingine kwa kipande cha nailoni ngumu, akasafisha viungo vyote, akavitia grisi, akarekebisha urefu wa ufito. Gia zikaingia moja baada ya nyingine. Jua lilikuwa bado linaigusa migomba alipofunga sanduku la vyombo. Malipo yake hayakufikia hata posho yangu ya siku mbili.

Jumatatu mwanangu aliingia shuleni na karo yake kamili.

Basi ndugu wasomaji, gari likigoma msikubali kuvunjiwa kubwa kabla dogo halijachunguzwa. Viungo vitieni grisi, na bushi zikianza kucheza zibadilisheni mapema. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nami naongeza: kabla hujajenga ukuta, hakikisha kwamba si ufa tu.