Diski ya Kutunza Vitabu vya Ubatizo



Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Kanisa ni watu, na daftari lao ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Sisi makatekista wa Zongwe twaijua vema faida ya vitabu hivyo. Watu wengi wa pande hizi za Kalemie walitawanyika katika vita vya miaka 1998 hadi 2003. Wengine walivuka ziwa wakaenda Kigoma. Mtu wa namna hiyo akirudi kuomba ndoa, mara nyingi hana karatasi hata moja. Wazazi wamekwisha kufa, msimamizi wake hajulikani aliko. Shahidi aliyebaki ni mstari mmoja wa wino kitabuni.

Kanisa limejua tangu zamani kwamba kitabu chaweza kupotea. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, iliamuru kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu ipelekwe kwa Askofu. Hivyo nyumba moja ikiungua, maandiko yangalipo katika nyumba nyingine. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 535, nayo yadai vitabu vya kale vitunzwe kwa uangalifu.

Siku hizi kurasa hupigwa picha, na picha huwekwa katika sanduku la kuhifadhia la mtandao, ambalo kompyuta zote za ofisi hulifikia kwa waya au kwa hewa. Sanduku hilo huwa na diski mbili zenye picha zile zile. Wengine husema: "Basi, tuna nakala ya akiba tayari." La, sivyo! Picha ikifutwa, yafutwa katika diski zote mbili saa ile ile. Radi ikipita katika waya, yaweza kuziua zote pamoja. Na mwaka 2024, ziwa lilipopanda likaingia nyumbani mwa watu, maji hayakuuliza sanduku lina diski ngapi. Nakala ya kweli yataka diski ya nje, nayo ikae mbali na sanduku.

Lakini si kila diski itapatana na sanduku. Yatupasa kutazama mambo manne kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni ukubwa. Ukurasa wa kipimo cha A4, ukipigwa picha ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi bila kubanwa, huchukua kama megabaiti 26. Vitabu 100 vyenye kurasa 400 kila kimoja hufika karibu terabaiti 1. Basi wenye vitabu kiasi hicho wanunue ya terabaiti 2, kwa maana watoto wanazidi kubatizwa.

La pili ni umeme. Diski ndogo ya inchi 2.5 hula umeme wa plagi ya USB tu. Ile kubwa ya inchi 3.5 hudai adapta yake ya volti 12. Sisi tunaotegemea jua na betri twaona ile ndogo yafaa zaidi. Hata hivyo plagi ya sanduku iwe na nguvu ya kuizungusha. Ikiwa dhaifu, diski hulia tiki-tiki na haionekani.

La tatu ni fomati, yaani namna diski ilivyopangwa ndani, na hapo ndipo wengi hukwama. FAT32 haipokei faili lililozidi gigabaiti 4. NTFS ni ya Windows. Sanduku jingine huisoma lakini halikubali kuiandikia. exFAT husomwa na kompyuta nyingi, lakini sanduku jingine hudai kuongezewa programu kwanza. ext4 ndiyo masanduku mengi huipenda, ila Windows haiifungui bila msaada. Kabla ya kununua, tusome orodha ambayo watengenezaji wa sanduku huitoa, ya diski na fomati zinazokubaliwa. Tena tuchague programu inayonakili picha kama zilivyo, isiyozifunga katika fungu ambalo sanduku lile peke yake huweza kulifungua. Maana sanduku likifa, nani atafungua?

La nne ni uhalisi. Tulipotumwa mjini Kalemie kutafuta diski, tulionyeshwa moja ndogo kama kiberiti, imeandikwa terabaiti 16, kwa bei ya mbuzi mmoja. Tuliiacha. Diski za namna hiyo hudanganya kompyuta: huonyesha nafasi kubwa, kumbe ndani mna kidogo tu, na picha zinazozidi hupotea bila neno. Iliyonunuliwa ijaribiwe kwa programu kama H2testw au F3, ambazo huijaza diski mpaka pomoni na kusoma tena yote yaliyoandikwa.

Diski ikiisha kujazwa, ichomolewe. Ikibaki imechomekwa, radi na virusi vitaifuata. Ifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa kitabu cha ubatizo kina habari za watu zisizo za barazani, na neno hilo liandikwe katika bahasha kwa Paroko. Kila miezi mitatu tufungue ukurasa mmoja wowote, tuulinganishe na kitabu chenyewe. Kitabu nacho kisitupwe kamwe: diski ni msaidizi wake tu.

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina, wala hahitaji daftari. Sisi watumishi wake kumbukumbu zetu ni fupi, basi na tuandike, tena tutunze vema tulichoandika.