Arusha Chini, Kijiji Kilichozaliwa na Sukari

Mtu akaaye Kibosho huzoea kutazama juu, kwenye theluji ya Kibo, akasahau kwamba maji yapitayo karibu na mlango wake yana safari ya kwenda chini. Mito ya Karanga na Weruweru huteremka kutoka msituni, mifongo waliyoichimba wazee hugawa maji migombani, na yaliyosalia huenda tambarare, ambako mvua ni haba na jua ni kali. Huko ndiko yanakonywesha miwa ya Arusha Chini. Katika likizo ya madrasa tuliyafuata maji hayo. Tukapita mji wa Moshi, tukaendelea kusini hata tukaiona dohani ya kiwanda.

Jina la Arusha Chini ni la zamani, kwani misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipumzika hapo na kununua chakula. Lakini makazi ya leo asili yake ni mwaka 1930, pale A. P. Møller, tajiri wa meli wa Denmark, alipoanzisha Tanganyika Planting Company, ambayo watu huiita TPC tu. Baadaye mali ikawa ya Serikali, na mwaka 2000 hisa 75 katika kila 100 zikauzwa kwa wenye viwanda wa Mauritius na Réunion, Serikali ikabaki na 25.

Mchaga wa milimani hakuwa na haraka ya kushuka. Alikuwa na kahawa yake, na tangu mwaka 1933 alikuwa na chama chake cha KNCU cha kumuuzia. Kwa nini akashike panga katika shamba la mwingine? Kwa hiyo wengi waliokuja kukata miwa walitoka mikoa mingine, kila mmoja na lugha yake na pishi lake. Kazi ni nzito. Shamba hutiwa moto kwanza ili majani makavu yateketee, na masizi huruka yakatua juu ya nguo zilizoanikwa, jambo ambalo akina mama wa huko hulieleza kwa maneno tusiyoweza kuyaandika hapa. Kisha miwa hukatwa, hupelekwa kusagwa, maji yake huchemshwa, na makapi hurudi tanuruni kutoa mvuke na umeme. Hapana israfu. Laiti tungaliweza kusema hivyo juu ya karamu zetu za harusi!

Tulisali alfajiri pamoja nao. Walioko zamu ya usiku walikuja moja kwa moja kutoka kazini, nguo zao zikinukia sukari iliyoungua, na walioko zamu ya asubuhi wakatoka mbio baada ya salamu. Kwetu Kibosho, ambako misheni ya Kikatoliki ilianza mwaka 1893 na Waislamu ni wachache, jirani yako ni mtu wa ukoo wako hata kama dini zenu ni mbali. Arusha Chini jirani ni yule uliyepangiwa naye. Mpare hupakana ukuta na Mnyaturu, na watoto wao hawana lugha nyingine ila Kiswahili. Pakitokea msiba hapana mjomba wala shangazi wa kuitwa kwa mguu. Wa zamu moja ndio wanaochanga, ndio wanaochimba kaburi. Haki ya jirani aliyotuhimiza Mtume (S.A.W.) tulikuwa tukiisomesha kila mwaka, na hapo tuliiona ikifanya kazi pasipo udugu wa damu kuitegemeza.

Hata hivyo nyumba ya kazi si kihamba. Kihamba hurithiwa (na kwa mila nyumba ya baba humwendea mwana wa mwisho wa kiume, ilhali sheria yetu imempa na binti fungu lake, hilo tunaliacha kwa siku nyingine). Nyumba ya kazi haina mrithi. Mtu aweza kukaa humo miaka thelathini, na siku anapostaafu hujiuliza yeye ni wa wapi.

Swali hili si la Kilimanjaro peke yake. Huko Wales kuna vijiji vingi vilivyozaliwa na makaa ya mawe. Kimojawapo ni Aberfan, ambapo tarehe 21 Oktoba 1966 kilima cha taka za mgodi kiliporomoka juu ya skuli na nyumba, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Mgodi ulifungwa mwaka 1989. Watu hawakuondoka wote, kwani watoto wao wamezikwa pale mlimani.

Mchaga akifa tambarare, jamaa zake humpandisha akazikwe kihambani. Muislamu huzikwa upesi, karibu na alipofia. Mzee mmoja aliyestaafu, mtu wa Singida, alitupeleka makaburini, ng'ambo ya mfereji. “Mwalimu,” alituambia, “wanangu wananiita nirudi Singida. Nyumba wamekwisha kunijengea.” Akatuonyesha kaburi la mkewe, na la mtoto wao wa kwanza kando yake, akaondoa majani makavu ya miwa yaliyoletwa na upepo.

Tukamuuliza atakwenda lini. Akasema amekwisha kodi chumba kijiji cha pili, karibu na msikiti.