Ukungu, Njia Panda na Giza

Sisi tunaotafsiri kutoka Kiingereza tuna tabia ya kuyatupa maneno matatu, "vague", "ambiguous" na "obscure", katika kapu moja la "isiyo wazi". Kapu hilo linanikera. Mtu akikuambia "nitakuja baadaye kidogo", kauli yake ni "vague": ni ukungu, haina mipaka, na dawa yake ni kumwuliza saa ngapi. Lakini akisema "niletee kaa", hapana ukungu hapo. Yuko kaa wa baharini na lipo kaa la moto, na wote wawili unawaona waziwazi. Umefika njia panda. Hiyo ndiyo "ambiguous", nayo ina hatari zaidi, maana msikilizaji huweza kushika njia moja asijue kabisa kuwa ilikuwapo ya pili.

Chukua kesi ya Derek Bentley. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, kijana huyu wa miaka 19 alikuwa juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London, pamoja na Christopher Craig wa miaka 16, mwenye bastola. Walikwenda kuiba. Polisi walieleza mahakamani kwamba Bentley alipaza sauti: "Let him have it, Chris." Mpe, Chris! Ampe nini? Ampe askari hiyo bastola, au ampe risasi? (Kiswahili nacho kina "mpe" wa namna hiyo, nenda kwenye ndondi ukasikilize.) Upande wa mashtaka ulishika maana ya pili. Aliyemuua askari Sidney Miles ni Craig, lakini umri ulimwokoa na kitanzi. Bentley alinyongwa tarehe 28 Januari 1953.

Anayesema maneno yale yalikuwa "vague" simkubalii. Ukungu humfanya mtu apunguze mwendo.

Na bado lipo neno la tatu. Bentley na Craig wote wawili walikana kuwa maneno hayo yalitamkwa. Hapo hatuko tena njia panda, tuko gizani. Na "obscure", kwa asili yake ya Kilatini, ni giza hasa. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ya Bentley, sababu kubwa ikiwa namna jaji alivyowaelekeza raia waliokaa kuamua kesi. Dada yake, Iris, aliyeipigania rufani hiyo kwa miaka mingi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.