Maghala ya Allidina Visram Kisumu

Reli ilipofika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, Kisumu, uliokuwa ukiitwa Port Florence, ulikuwa mji wa mabati na mbao. Miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza waliojenga hapo alikuwamo Allidina Visram. Mimi huona kwamba habari za mji ule zimo katika maghala kama yake kuliko katika afisi za wakubwa.

Bwana huyu alizaliwa Kachi, Bara Hindi, mwaka 1851, akafika Unguja angali kijana wa miaka 12 hivi. Biashara alijifunza Bagamoyo kwa Sewa Haji, aliyewapatia wasafiri wapagazi na bidhaa. Huko alitambua kuwa msafara hauendi mbali pasipo ghala mbele yake. Basi reli ilipojengwa, maduka yake yaliifuata kituo hata kituo.

Msomaji asidhani kuwa duka la namna ile lilikuwa la kuuza tu. Mbele mlikuwa na merikani, chumvi, shanga na nyaya. Lakini kazi kubwa ilikuwa nyuma, penye mizani. Huko mkulima alitua mzigo wake wa ufuta, ambao wenyeji wengi huuita simsim, au wa ngozi, akapewa bidhaa au rupia, naye alizihitaji rupia kwa kodi ya nyumba. Kisumu Visram aliweka pia kinu cha kukamulia mafuta. Hiyo ilikuwa akili njema: ukikamua mbegu karibu na shamba, gari la moshi hubeba mafuta wala si makapi. Ziwani alikuwa na vyombo vyake vya kuvusha mizigo.

Hata hivyo, siwezi kumsifu bila kuitazama ile mizani. Bei ilitajwa na mnunuzi, na mkulima aliyetoka mbali na mzigo kichwani hakuwa tayari kurudi nao. Tena serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi. Mwafrika aliyeleta mazao mlangoni hakutazamiwa kujenga duka ubavuni. Kosa hilo halikuwa la Visram peke yake, ila faida yake aliipata.

Visram alifariki mwaka 1916. Mwanawe alimjengea shule Mombasa kwa jina lake, nayo ipo hata leo. Lakini ile biashara kubwa haikudumu. Mwana naye alipofariki, miaka michache baadaye, ilivunjika.